Nesi wa wodini anaweza kuwa mtafiti wa saratani? Na hizo namba za maprofesa zina maana gani?

Swali:

"Shikamoo dada. Mimi ni nesi hapa Tanga, nina diploma na sasa hivi najiendeleza digrii. Wodini kwetu tunapokea wagonjwa wa kansa wanaotoka Ocean Road, wengi wakisharudi na kemo wanatokwa vidonda mdomoni, hawali hawanywi, na kila sista ana dawa yake ya kusukutulia. Nikaanza kuandika kwenye daftari nani katumia nini na amepona baada ya siku ngapi, picha za midomo pia ninazo kwenye simu. Nilipomwambia daktari mmoja nataka kufanya utafiti akacheka, akasema nesi na utafiti wapi na wapi, hayo ni ya madaktari na watu wa maabara. Halafu rafiki yangu akanitumia profaili ya profesa wa uuguzi wa saratani huko ng'ambo, pepa mamia, amenukuliwa mara maelfu, h-indeksi sijui sitini, nikakata tamaa maana hata hiyo h siijui ni kitu gani. Na kuna jarida limeniandikia imeli, wanasema watanichapishia ndani ya wiki moja nikilipa dola 150. Kweli nesi anaweza kufika huko? Na mtu kama mimi naanzia wapi?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, pole kwa kuchekwa. Swali lako ni moja ila limebeba mengi. Unataka kujua kama nesi ana haki ya kuitwa mtafiti, zile namba za profesa zimekutisha, kuna hao wa dola 150, halafu kuna kitu wewe umekitaja kwa kupita tu lakini mimi ndicho kilichonishtua, nacho ni hilo daftari na hizo picha. Naanza na hilo kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja hata mwaka mzima, hili halingoji.

Picha ya mdomo wa mgonjwa kwenye simu yako binafsi, hata kama sura haionekani vizuri, ni taarifa ya afya ya mtu ambaye hakukuruhusu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, na hata kabla ya sheria hiyo maadili yetu ya kazi yalishakataza siku nyingi. Simu inaibiwa sokoni Ngamiani, simu inashikwa na mtoto, simu inajipeleka picha yenyewe mtandaoni bila wewe kujua, kesho unakuta mdomo wa mama wa watu uko kwenye grupu la WhatsApp. Kwa hiyo usimtumie mtu yeyote, hata mimi usinitumie, mwone msimamizi wa wodi mkubaliane namna ya kuziondoa. Daftari kama lina majina lisitoke hospitali.

Na jambo ambalo wengi wanakuja kulijua wakishachelewa: ulichokikusanya kwa ajili ya utafiti kabla ya kibali cha maadili huwezi kuja kukihalalisha baadaye. Kamati ya maadili, ile inayokagua tafiti kabla hazijaanza, haitoi kibali cha kurudi nyuma. Unachoweza ni kuomba ruhusa ya kupitia mafaili ya zamani ya hospitali, hilo linafanyika sana tu, lakini ni mafaili ya hospitali, siyo daftari la mfukoni. Usione kama umepoteza muda, mwaya. Daftari limekupa swali, na nimeona watu wanaingia masta bila swali lolote, wanaanza kulitafuta huko huko huku ada inakwenda.

Sasa huyo daktari. Mimi simlaumu sana, maana ukikulia mkoa huu neno utafiti linakuja na malaria. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kituo hapa mjini, kule Amani Wajerumani walifungua kituo cha utafiti tangu 1902, Korogwe watoto wetu walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S sambamba na wenzao wa Bagamoyo, kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia utafiti anaona sindano, damu, darubini, na wageni waja leo waondoka leo. Hiyo ni aina moja ya utafiti na imeokoa watu wengi, lakini siyo aina pekee.

Daktari wa saratani anauliza uvimbe umepungua au haukupungua. Sisi manesi tunauliza huyu mtu jana alilala? Amekula? Maumivu yakimpanda saa nane usiku kijijini kwao anafanyaje? Nani anamwogesha, na huyo anayemwogesha yeye mwenyewe hali yake ikoje, na kwa nini mgonjwa wa Lushoto alikwenda mzunguko wa kwanza wa kemo na wa pili, wa tatu hakwenda? Hayo yote yana majibu yanayoweza kupimwa kwa nidhamu ile ile ya maabara, na asipoyauliza nesi sioni nani mwingine atayauliza, maana ndiye anayekaa na mgonjwa masaa yote.

Mwaka 1963 nesi wa Marekani, Jeanne Quint, ambaye baadaye alijulikana kama Jeanne Quint Benoliel, aliandika kuhusu wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Alikaa nao akawasikiliza wanaishije baada ya operesheni, akaona jinsi wanavyoachwa wapweke na hofu ya kufa, maana waliokuwa wakiwahudumia walikuwa wanakwepa kuizungumza. Kwa wakati ule kitu hicho kilikuwa hakiulizwi kabisa. Hakugusa maabara hata kidogo.

Na vidonda vyako vya mdomoni, hebu sikia hii. Marylin Dodd, profesa wa uuguzi Chuo Kikuu cha California, San Francisco, aliuliza swali hilo hilo la kwako. Wodi zao nazo zilikuwa hivyo hivyo, kila mtu na dawa yake. Yeye na wenzake wakachukua aina tatu zilizokuwa zinatumika sana: maji ya chumvi na soda, klorheksidini ya kuua vijidudu, na mchanganyiko wa lidokaini, dawa ya ganzi, na dawa nyingine ambao watu waliusifia mpaka wakaupa jina la dawa ya miujiza. Wagonjwa 200 wa kemo wakapangwa kwa bahati nasibu nani apate ipi, na wote wakafundishwa usafi wa kinywa kwa utaratibu mmoja. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 142 dalili ziliisha ndani ya siku 12, na kati ya hizo dawa tatu hakukuwa na tofauti ya maana kwenye muda wa kupona. Ya bei ya juu haikuishinda chumvi na soda.

Kwa nini iwe hivyo? Kemo inashambulia seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana inagusa uvimbe, lakini utando wa ndani ya mdomo nao unajijenga upya haraka kwa hiyo unapigwa pamoja. Kwa dawa nyingi vidonda vinaanza kuonekana siku chache baada ya dozi, vinafika kilele, halafu utando ukianza kujijenga vinapona. Maji ya kusukutua hayaponyi kidonda, yanasafisha, yanapunguza ukavu na maumivu, yanazuia uchafu usikae. Anayeponya ni mwili wenyewe ukipewa muda.

Na hapo ndipo daftari lako lingekudanganya hata kama lingekuwa na vibali vyote. Fikiria sista mmoja anaitwa mgonjwa akiwa siku ya tatu, vidonda ndiyo kwanza vinapanda, anampa klorheksidini, kesho yake hali mbaya zaidi, anasema dawa haifai. Mwingine anaitwa siku ya tisa, anampa asali au chochote alichonacho, baada ya siku mbili mgonjwa anakula ugali, basi sifa zinaenea wodi nzima. Wewe ukiandika aliyetumia nini akapona lini, asali itaonekana mfalme, kumbe ilichofanya ni kufika wakati mambo yanaisha yenyewe. Bahati nasibu inaondoa hilo, kwa sababu wa siku ya tatu na wa siku ya tisa wanagawanyika sawa kwenye kila kundi. Ndiyo maana Dodd hakuishia kwenye kumbukumbu za wodi. Ukielewa aya hii moja umeshaelewa sehemu kubwa ya kinachofundishwa kwenye kozi ya mbinu za utafiti, kilichobaki ni hesabu.

Niweke tahadhari mbili hapa hapa maana najua kuna wanaouguza watasoma. Soda inayosemwa ni ile ya kuokea, bikaboneti, siyo magadi ya kulainishia kunde, na vipimo vyake muulize mfamasia au muuguzi wenu. Na mgonjwa wa kemo mwenye vidonda mdomoni akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au anatetemeka, au hawezi hata kumeza maji, hiyo siyo ya kusukutua nyumbani, ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, kwa sababu kipindi vidonda viko juu ndipo mara nyingi na chembe nyeupe za damu ziko chini, na maambukizi yanaweza kumwondoa mtu kwa masaa.

Haya, namba za profesa. H-indeksi aliibuni mwanafizikia, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Maana yake: mtu ana h ya 10 kama ana pepa 10, yaani makala za utafiti, ambazo kila moja imenukuliwa, yaani imetajwa kwenye pepa nyingine, angalau mara 10. Tufanye una pepa tano, zimenukuliwa mara 40, 12, 6, 3 na 1. Zilizofika angalau 3 ziko nne, lakini zilizofika 4 ziko tatu tu, kwa hiyo h yako ni 3. Ile ya 40 haijakusaidia chochote zaidi ya ile ya 6. Na mtu akiandika pepa moja tu maishani ikanukuliwa mara 900, h yake ni 1. Basi ndiyo hiyo h iliyokukatisha tamaa.

Kwa asili yake namba hii inapanda na umri, haishuki hata mtu akistaafu au akilala. Inategemea fani, maana kwenye fani yenye waandishi wengi kunukuliwa nako ni kwingi, uuguzi kihistoria hauna watafiti wengi kama tiba. Inategemea unaandika lugha gani na kwenye majarida gani. Na haijui kama pepa imenukuliwa kwa kusifiwa au kwa kupingwa. Wanasayansi wenyewe walishalalamika, mwaka 2012 wakakutana San Francisco wakatoa azimio linaloitwa DORA kwamba mtafiti asipimwe kwa impakti fakta ya jarida alilochapisha, yaani wastani wa mara pepa za jarida hilo zinavyonukuliwa, apimwe kwa kazi yenyewe. Taasisi nyingi duniani zimelisaini, kulifuata ni habari nyingine.

Halafu hizo pepa mamia hakuzichapa mwenyewe usiku baada ya zamu. Profesa wa kiwango hicho ana timu: wanafunzi wa PhD, wasaidizi, mtu wa takwimu, fedha za miradi, na jina lake liko kwenye kazi zote za timu, mara nyingi la mwisho kwenye orodha, ambayo kwa fani za afya ndiyo nafasi ya kiongozi. Hilo siyo udanganyifu kama kweli amechangia, lakini usilinganishe na wewe uliye peke yako na data ya simu ya kujiunga.

Ukitaka kuona kazi ya namna hii inavyojengwa, usiangalie namba, fuata swali ambalo mtu huyo amelikalia. Mfano ninaoupenda mimi ni Ruth McCorkle. Alikuwa nesi wa jeshi la anga la Marekani, alihudumu Vietnam, baadaye akaingia kwenye saratani. Mwaka 1978 yeye na Katherine Young walichapisha kipimo cha kumuuliza mgonjwa mwenyewe dalili zake zinamsumbua kiasi gani, kichefuchefu, usingizi, maumivu, uchovu na nyingine, mgonjwa anachagua namba. Kilianza na dalili 10, baadaye zikawa 13. Ni karatasi tu! Lakini kabla ya hapo hali ya mgonjwa ilikuwa inaelezwa na mhudumu kwa maneno yake, "anaendelea vizuri", na wewe unajua hilo neno tunavyolitumia kwenye ripoti za asubuhi. Karatasi ile ikamfanya mgonjwa awe ndiye anayesema, na aliyosema yakaweza kuhesabiwa na kulinganishwa wiki hii na ijayo.

Sasa ona jinsi kunukuliwa kunavyokuja. Kila mtafiti anayetumia kipimo chako lazima akutaje, akitumia wa Brazili anakutaja, akikitafsiri wa China anakutaja, mwanafunzi wa masta anakutaja. Kwa hiyo pepa ya kipimo kizuri inaendelea kunukuliwa miaka arobaini baadaye hata mwenyewe akiwa hayupo, McCorkle alifariki 2019. Pepa inayosema "tuliwauliza wagonjwa 60 wa hospitali fulani" inaweza kuwa nzuri sana ila haina sababu ya kutajwa na watu wengi hivyo.

Ila kilichonifanya nimheshimu siyo kipimo. Aliendelea na swali lile lile: kama tunajua dalili zinamsumbua, nesi akimfuata nyumbani inabadilisha nini? Mwaka 2000 yeye na wenzake wakachapisha jaribio la wagonjwa 375 wenye miaka 60 kwenda juu waliofanyiwa upasuaji wa saratani. Karibu nusu walipata huduma ya kawaida, wengine walitembelewa na kupigiwa simu na manesi bingwa baada ya kutoka hospitali. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali, waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 67 kwa waliofuatwa na nesi, na asilimia 40 kwa ambao hawakufuatwa. Sisemi tuchukue namba hiyo tuibandike Handeni, mazingira ni tofauti kabisa na jaribio moja ni jaribio moja. Lakini ukimwonyesha daktari wako hiyo pepa sidhani kama atacheka tena.

Na Uingereza kuna Jessica Corner, nesi, yeye alishika jambo la kukosa pumzi kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, timu yake ikaonyesha kliniki ya manesi inayofundisha namna ya kupumua, kupanga shughuli na kuongea na hofu inawasaidia, na mwaka 1999 matokeo ya hospitali kadhaa yakatoka kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza. Wote hao unaona kitu kimoja, kila mmoja ameshika tatizo moja la kitandani akakaa nalo miaka na miaka. Sijaona aliyefika mbali kwa kuandika leo ukimwi, kesho lishe, keshokutwa chochote chenye posho. Kwetu hilo ni tatizo kubwa, na chanzo chake ni njaa, siyo uvivu, kwa hiyo sitamnyooshea mtu kidole.

Hao wa dola 150. Wengi wanadhani jarida lolote linalodai hela ni la kitapeli, siyo kweli, majarida mengi mazuri ya kusomwa bure yanatoza ada, tena kubwa kuliko hiyo, na mengi yana utaratibu wa kusamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi kama yetu, unauliza kabla hujatuma. Utapeli uko kwenye wiki moja. Pepa inatakiwa isomwe na watu wawili watatu wanaoijua fani, wakosoe, urekebishe, irudi, na hilo linachukua miezi. Anayekuahidi wiki anakuambia hakuna atakayesoma. Ubaya wake siyo hela tu, ukishachapisha hapo data yako imeharibika, huwezi kuipeleka kwingine, na ukitaka kuitoa ndipo wanakuja na bili ya pili. Usiwajibu hata kuwakatalia, ukijibu wanajua imeli yako iko hai. Jarida ukilitilia shaka litafute mtandaoni kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure, au kwa majarida ya Afrika kwenye AJOL, na muulize mkutubi wa chuo, hawa watu tunawasahau bure tu. Huyo huyo mkutubi atakuonyesha Hinari, mpango wa WHO ulioanza 2002 unaotufungulia majarida ya afya ambayo kwa bei ya kawaida tusingeyagusa. Pepa ya Dodd na ya McCorkle anzia hapo.

Unaanzia wapi? Kuna njia nadhani tatu na zote zina gharama.

Ya kwanza ni kufanya ukaguzi mdogo wa huduma wodini kwenu, yaani siyo utafiti wa kuchapisha, ni kuangalia je, tunakagua kinywa cha kila mgonjwa wa kemo kila siku? Tunaandika kwenye faili? Mnakubaliana utaratibu mmoja, baada ya miezi mitatu mnaangalia tena. Unafanya kwa idhini ya uongozi wa hospitali, na mgonjwa anafaidika mara moja. Haitaongeza h yako hata nukta. Mimi kwa mtu aliye kwenye hatua yako naona ndiyo bora kuliko zote, na itakufaa kwenye tasnifu ya digrii pia, ila mwambie msimamizi wako mapema kwa sababu ukiamua kuichapisha inageuka utafiti na vibali vinabadilika.

Ya pili ni kujiunga na mradi wa watu wengine, kama msaidizi wa kukusanya data au mratibu. Utajifunza fomu za ridhaa, dodoso, jinsi data inavyosafishwa, vitu ambavyo darasani huvipati vizuri. Hasara yake ni mikataba mifupi, mradi ukiisha na wewe umeisha, na jina lako kwenye pepa usipoliongea mwanzoni mwishoni hulioni. Liulize mapema, kwa adabu, kwa maandishi.

Ya tatu ni masta na baadaye PhD, Muhimbili au kwingine. Ndiyo njia inayofika kwa yule profesa. Lakini nikuambie ukweli, miaka inakwenda, ada, familia, na ukirudi na masta kuna uwezekano mkubwa utapewa ofisi au darasa, wodini hutaonekana tena, na pale wodini ndiko maswali yalikokuwa yanatoka. Mfumo wetu bado haujampa nafasi nzuri nesi anayehudumia huku anatafiti. Ukiichagua hiyo, ichague kwa sababu una swali linalokukosesha usingizi, siyo kwa sababu ya profaili ya mtu.

Hitaji lenyewe lipo tele. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yanaweka wagonjwa wapya nchini zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na ya shingo ya kizazi inaongoza kwa wanawake. Mgonjwa wa Tanga bado anapanda basi kupitia Segera na Chalinze, karibu kilomita 350 mpaka Dar, au anageuza Moshi, hospitali ya KCMC. Nani amehesabu wanaoishia njiani, nani amewauliza? Hospitali Teule Muheza kuna huduma ya siku nyingi ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, nenda hata siku moja ukaone wanavyofuatilia wagonjwa majumbani, utarudi na maswali kuliko utakayoweza kuyajibu.

Kuna mambo ambayo mimi hapa siwezi kukusaidia kwa maandishi, lazima uonane na mtu. Andiko la utafiti ni moja. Andika ukurasa mmoja tu, tatizo ni nini, unataka kujua nini, kwa nani, kwa njia gani, kisha upeleke kwa mwalimu wako wa chuo na uombe akukosoe bila huruma. Vibali ni kingine: kamati ya maadili ya chuo chako au ya taifa iliyo chini ya NIMR, halafu barua ya mkoa, halafu mganga mfawidhi wa hospitali, na kila mmoja ana fomu yake na kila mmoja anaweza kukuambia njoo kesho. Nenda kituo cha NIMR Tanga uulize utaratibu wa sasa, usitegemee ulioambiwa na aliyeomba miaka mitano nyuma. Ukitaka kutumia kipimo kama cha McCorkle kwa Kiswahili usikitafsiri mwenyewe jioni moja, kinatafsiriwa, kinarudishwa na mtu mwingine kwenye lugha ya mwanzo, kinajaribiwa kwa wagonjwa, na ruhusa ya mwenye nacho inaombwa, hapo unahitaji mtu aliyewahi kufanya. Mtu wa takwimu mtafute kabla ya kukusanya data, akija baadaye kazi yake inakuwa kukueleza kwa nini haiwezekani.

Na la picha, hilo ni la kesho asubuhi na msimamizi wako wa wodi, kabla ya ripoti. Kama wiki hii uko zamu ya usiku malizana naye unapokabidhi, kisha nenda kalale kwanza, NIMR ni saa za kazi na hawahami.